Grace Hopper na Mashine Iliyofundishwa Kufasiri

Tuseme unakaa Bunda, na siku moja bibi yako anakutuma umwandikie barua shangazi yako aliye Butiama. Bibi haikumbuki vizuri anwani, lakini anayo bahasha kuukuu sandukuni. Juu ya bahasha hiyo pameandikwa jina la shangazi, kisha Butiama, Wilaya ya Musoma. Unayanakili maneno hayo kwa mwandiko mzuri, unabandika stempu, unaitia barua posta. Kumbe Butiama haimo tena katika Wilaya ya Musoma. Mwaka 2012 ilifanywa kuwa wilaya inayojitegemea. Wewe umetoa agizo la zamani bila kujua. Karani wa posta mjini Musoma aifanyeje barua yako?

Huenda ukadhani kwamba swali hilo si la somo la sayansi. Hata hivyo, watu wanaotengeneza kompyuta hulijibu kila siku, kwa maana mashine nazo hupokea maagizo ya zamani. Ili uelewe jinsi jambo hilo lilivyoanza, yakupasa kwanza umjue mwanamke mmoja aliyefundisha mashine kufasiri maneno ya watu.

Jina lake la utotoni lilikuwa Grace Brewster Murray. Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika jiji la New York, nchini Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka saba, yaani mdogo kuliko wewe, alitaka kujua ni kitu gani kinachoifanya saa ya kengele ilie. Akatwaa saa moja ya nyumbani kwao akaifungua. Vipande vikatawanyika, naye akashindwa kuvirudisha mahali pake. Akafungua ya pili ili aone ya kwanza ilivyokuwa imepangwa, nayo ikamshinda. Akaendelea hivyo mpaka saa saba zikawa zimefunguliwa. Mama yake alipogundua hakumkataza kabisa, ila alimwamuru tangu siku hiyo achezee saa moja tu. (Tafadhali usilijaribu jambo hili kwa saa ya mwalimu wako.)

Grace alisoma hisabati na fizikia katika chuo cha Vassar, akamaliza mwaka 1928. Mwaka 1930 aliolewa na Bwana Vincent Hopper, na ndiyo sababu tunamwita Bibi Hopper. Mwaka 1934 alipata shahada ya udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale, jambo ambalo wanawake wachache sana walikuwa wamelifanya wakati huo. Alirudi Vassar kuwafundisha wengine, na pengine angalikuwa mwalimu maisha yake yote kama Vita Kuu ya Pili isingalitokea.

Marekani ilipoingia vitani, Bibi Hopper alitaka kujiunga na jeshi la majini. Aliambiwa kwamba umri wake umezidi, tena kwamba yeye ni mwembamba mno. Uzito wake ulipungua kiasi cha kilo 7 chini ya kipimo. Hakukata tamaa. Mwaka 1943 alikubaliwa kwa kibali maalumu, na mwaka 1944 akapelekwa Chuo Kikuu cha Harvard. Huko hakupewa bunduki wala meli. Alipewa mashine ya kufanya hesabu.

Mashine hiyo iliitwa Mark I. Jaribu kuipiga picha katika mawazo yako. Urefu wake ulizidi mita 15, huenda ukapita ule wa darasa lako, na uzito wake ulizidi tani 4. Ndani yake mlikuwa na magurudumu na swichi nyingi zilizokuwa zikipiga kelele mchana na usiku. Pamoja na ukubwa huo wote, iliweza kujumlisha mara tatu tu kwa sekunde moja. Haikujua neno lolote la Kiingereza wala la lugha nyingine. Mtu aliyetaka ifanye kazi alitoboa matundu katika utepe mrefu wa karatasi, na kila safu ya matundu ilikuwa agizo moja. Tundu moja likikosewa, hesabu yote iliharibika.

Bibi Hopper na wenzake walizoea kuandika maagizo katika madaftari. Mmoja alipohitaji hesabu ambayo mwenzake alikwisha kuiandika, aliazima daftari na kunakili. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Herufi B iliyoandikwa kwa haraka ilisomwa kuwa 13. Watu wazima wenye shahada za juu walinakili vibaya kama mtoto aliyechoka! Bibi Hopper aliona kwamba binadamu si hodari wa kunakili, ilhali mashine haichoki kunakili.

Kipo pia kisa kimoja ambacho alipenda kukisimulia katika maisha yake yote. Mwaka 1947 mashine ya pili, Mark II, ilikataa kufanya kazi sawasawa. Mafundi waliichunguza wakamkuta nondo, yule mdudu anayependa taa, amebanwa ndani ya swichi moja. Walimtoa, wakambandika katika daftari la kazi pamoja na maelezo ya mahali alipopatikana. Daftari hilo limehifadhiwa katika makumbusho nchini Marekani, na nondo yumo hadi leo. Si Bibi Hopper aliyemkamata, lakini ni yeye aliyemfanya nondo huyo kuwa mashuhuri.

Mwaka 1949 Bibi Hopper alijiunga na kampuni iliyokuwa ikitengeneza kompyuta iitwayo UNIVAC. Huko akapata wazo kubwa kuliko yote. Ikiwa mashine inaweza kunakili bila kuchoka, kwa nini yenyewe isikusanye na kufasiri maagizo?

Hapa tusimame kidogo tulitazame neno kufasiri. Katika soko la Bunda au stendi ya Musoma waweza kusikia Kijita, Kizanaki, Kiikizu, Kikurya na Kijaluo katika muda mfupi. Mzee ajuaye Kizanaki tu akitaka kuzungumza na mgeni ajuaye Kiswahili tu, mkalimani huketi kati yao, akigeuza sentensi moja baada ya nyingine. Mfasiri wa maandishi hufanya vingine. Yeye hupokea andiko zima, hulisoma, kisha huandika andiko jingine kamili katika lugha ya pili. Mwalimu Julius K. Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999, aliifanya kazi hiyo alipofasiri kwa Kiswahili tamthilia za Shakespeare. Tafsiri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1963 kwa jina Julius Caezar. Baadaye aliirekebisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Mtu aingiaye maktaba na kukiuliza kitabu hicho kwa jina lake la mwanzo hajakosea, amechelewa tu. Mkutubi mwema atamletea kitabu na kumwambia jina jipya. Jambo hilo dogo litatusaidia mbele.

Mashine aliyoiwazia Bibi Hopper ilikuwa ya namna ya pili. Mwaka 1952 alikamilisha programu iliyoitwa A-0. Kila kipande cha hesabu kilipewa namba yake. Mtu aliandika namba, na kompyuta yenyewe ikakitafuta kipande hicho katika utepe, ikakinakili bila kosa, ikakiunganisha na vipande vingine. Programu ya namna hii huitwa kompaila. Watu wengi hawakuamini. Walimwambia kwamba kompyuta hufanya hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Naye programu ilikuwa mezani pake, inafanya kazi, wala hapakuwa na mtu aliyetaka kuigusa!

Aliendelea mbele. Akatengeneza kompaila nyingine, FLOW-MATIC, iliyopokea maagizo kwa maneno ya Kiingereza cha kawaida, ili makarani wa fedha na wa ghala waweze kuyasoma. Mwaka 1959 serikali ya Marekani na makampuni ya kompyuta walikutana ili watunge lugha moja itakayoeleweka na mashine za kila kampuni. Bibi Hopper alikuwa mshauri wao, na mambo mengi ya lugha hiyo yalitoka katika FLOW-MATIC. Lugha hiyo iliitwa COBOL. Mwezi Desemba 1960 programu ileile ya COBOL ilifasiriwa na kutendwa na kompyuta mbili za makampuni mawili tofauti. Lilikuwa jambo jipya: agizo lililoandikwa mara moja likatiiwa na mashine zisizofanana. Nchini mwetu kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965.

Sasa angalia tatizo lililozaliwa na mafanikio hayo. Zamani mashine ilipochakaa, maagizo yake yalitupwa pamoja nayo. Kompaila ilipopatikana, mashine ilichakaa lakini maagizo yakabaki. Programu ya mishahara iliyoandikwa kwa mashine moja ilihamishiwa mashine mpya, kisha mpya zaidi, kwa miaka 20 au 40. Aliyeiandika alistaafu. Maneno yake yakazeeka, kama ile anwani iliyo katika sanduku la bibi yako.

Maneno yanayozeeka ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni maagizo yaliyo ndani ya andiko lenyewe. Aina ya pili ni maelekezo anayopewa mfasiri kabla hajaanza kazi, mfano wa kumwambia afasiri upesi, au akague kila hesabu, au aonyeshe makosa yote aliyoyaona. Kompaila hupewa maelekezo ya namna hiyo kwa maneno mafupi yanayoandikwa pembeni mwa jina lake. Kompaila mpya inapotoka, baadhi ya maelekezo hayo hayana kazi tena. Lakini watu huendelea kuyaandika, kwa kuwa waliyanakili kwa waliowatangulia.

Bibi Hopper alistaafu jeshini mwishoni mwa mwaka 1966. Alipumzika miezi michache tu. Mwaka 1967 jeshi la majini lilimwita tena kwa muda wa miezi sita, kwa sababu kompaila zake za COBOL zilikuwa hazipatani: kila moja iliielewa lugha kwa namna yake. Miezi sita hiyo ikawa miaka 19! Yeye na wenzake walitengeneza programu za kupimia kompaila. Programu hizo ziliisomea kompaila maagizo mengi, kisha zikakagua kama imeyafasiri ipasavyo, kama mwalimu anavyosahihisha imla. Mwaka 1968 COBOL ikapata kanuni zake rasmi za kwanza nchini Marekani.

Kanuni hizo zilirekebishwa baadaye na kamati za wataalamu. Katika kanuni za mwaka 1985 kamati ilifanya jambo la busara. Haikuyafuta mara moja maagizo yaliyochakaa, bali iliyaandika katika orodha na kutangaza kwamba yataondolewa katika kanuni zitakazofuata. Moja ya maagizo hayo ni ALTER. Kazi yake ilikuwa kubadili njia ya agizo jingine wakati programu inaendelea kutendwa. Ukitaka kuuelewa ubaya wake, nenda Makutano, pale barabara inapogawanyika, upande mmoja kwenda Musoma na upande mwingine kwenda Butiama. Tuseme kibao cha Musoma kinageuzwa usiku na mtu asiyeonekana, na asubuhi kinaelekea Butiama. Msafiri aliyesoma kibao jana hawezi kujua kwamba leo kinasema uongo. Programu yenye ALTER husomeka vivyo hivyo. Agizo hilo liliondolewa katika kanuni za mwaka 2002, yaani baada ya watu kuonywa kwa miaka 17.

Haya, turudi kwa karani wetu wa posta. Anaweza kuipeleka barua Butiama na kunyamaza. Shangazi ataipata, lakini wewe utaendelea kuandika anwani ya zamani mpaka uzeeke. Anaweza kuipeleka, kisha akakuletea kikaratasi kinachosema kwamba wilaya imebadilika na kwamba mara nyingine uandike jina jipya. Nadhani njia hii ndiyo bora kuliko zote, na ndiyo hutumiwa na kompaila nyingi: hufanya kazi, kisha hutoa onyo. Hatimaye, baada ya maonyo ya miaka mingi, karani anaweza kukurudishia barua yako ikiwa imeandikwa sababu. Utaudhika, lakini utajua la kufanya.

Yako maagizo ya zamani ambayo hupuuzwa bila madhara. Tuseme juu ya bahasha umeandika kwamba barua isafirishwe kwa meli, kama ilivyokuwa desturi ya miji ya kandokando ya Ziwa Victoria. Ikiwa leo mfuko wa barua unasafiri kwa basi, karani ataliacha neno hilo, na shangazi hatapungukiwa na kitu. Katika COBOL ya zamani mtu aliweza kuitajia kompaila ukubwa wa kumbukumbu ya mashine yake. Mashine za leo hazihitaji kuambiwa hivyo. Kompaila huliruka agizo hilo, na hesabu hutoka ileile.

Lakini jihadhari na kupuuza! Tuchukue mfano wa mkulima wa pamba wa Bunda anayedai shilingi 12,345. Programu ya malipo imetenga nafasi ya tarakimu nne tu kwa ajili ya deni lake. COBOL inapoweka namba kubwa katika nafasi ndogo bila kukaguliwa, hukata tarakimu za kushoto. Shilingi 12,345 zinabaki 2,345. Sasa tuseme aliyeandika programu hiyo aliiagiza kompaila ya zamani ikague kila nafasi na kusimama ikijaa. Kompaila mpya haitumii tena agizo hilo, nayo inaliruka kimyakimya. Kazi inakwisha salama, karatasi zinachapwa vizuri, hapana mlio wala taa nyekundu. Mkulima anarudi nyumbani amepungukiwa na shilingi 10,000, na karani anaapa kwamba mashine haikosei. Laiti kompaila ingalikataa kazi asubuhi ile, mtu mmoja angaliudhika kwa saa moja.

Lipo tendo baya zaidi ya kutupa agizo, nalo ni kulipa jina la zamani maana mpya. Je, ingekuwaje kama anwani ya shangazi ingalipewa mtu mwingine, naye akaifungua barua yako akaisoma? Kwa hiyo mafundi waangalifu huliacha jina lililostaafu lipumzike, hata likiwa fupi na zuri.

Bibi Hopper mwenyewe hakuwa mtu wa kung'ang'ania ya zamani. Hakupenda kabisa kuambiwa kwamba jambo lifanywe kwa namna fulani kwa sababu ndivyo lilivyofanywa siku zote. Ofisini mwake alitundika saa ya ukutani ambayo mishale yake ilizunguka kinyume. Saa hiyo ilionyesha wakati sahihi, na mgeni aliyeelezwa aliizoea upesi. Fikiri, lakini, kama saa hiyo ingetundikwa usiku katika shule yenu bila mtu yeyote kuambiwa. Ni wanafunzi wangapi wangewahi somo la kwanza?

Alipokuwa mzee alisafiri huku na huko akifundisha vijana, na mara nyingi alichukua mkononi fungu la nyaya. Kila waya ulikuwa na urefu wa karibu sentimita 30. Mwanga husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Ukiigawa sekunde hiyo katika sehemu 1,000,000,000, sehemu moja huitwa nanosekunde, na katika muda huo mwanga husafiri sentimita 30 tu. Bibi Hopper aliwagawia watu nyaya hizo ili waishike nanosekunde kwa mikono yao. Pia alikuwa na waya mwingine uliozungushwa kama kamba ya ng'ombe, wenye urefu wa karibu mita 300. Huo ulikuwa mikrosekunde, nanosekunde 1,000 pamoja. Alitaka waandishi wa programu waone jinsi muda unavyopotea wanapozembea.

Alistaafu kwa mara ya mwisho mwezi Agosti 1986, mwenye cheo cha admirali na umri wa miaka 79. Alifariki dunia tarehe 1 Januari 1992, akazikwa katika makaburi ya Arlington. Meli moja ya kivita ya Marekani imepewa jina lake. COBOL nayo haijafa. Programu nyingi za benki zilizoandikwa kwa lugha hiyo zinatumika, na kompaila za leo bado hukutana na neno ALTER. Kompaila moja, iitwayo GnuCOBOL, humwachia mwenyewe achague: agizo la zamani likubaliwe, litolewe onyo, lipuuzwe, au likataliwe.

Kazi ya kufanya

Chukua uzi na rula, ukate nanosekunde moja. Pima kwa uzi huo urefu wa ubao wenu, kisha useme mwanga hutumia nanosekunde ngapi kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Halafu unganeni watu watano. Mmoja awe karani wa posta, na wanne wengine kila mmoja aandike bahasha moja. Bahasha ya kwanza iwe na anwani ya sasa ya Butiama. Ya pili iwe na anwani ya zamani. Ya tatu iagize kwamba barua ipelekwe kwa meli. Ya nne iagize kwamba barua isikabidhiwe kwa mtu yeyote ila kwa shangazi mwenyewe, na mumwambie karani kwamba posta haitoi tena huduma hiyo. Karani aamue juu ya kila bahasha, na aandike nyuma yake neno atakalomwambia mwenye barua. Bahasha ya nne msiiamulie haraka.